Mabomba Mawili Yaliyopatanishwa

Kinanda cha kanisa lile kilikuwa na tabia za mzee wa ukoo: kikubwa, kizito, hakihamishiki, na kila anayekigusa lazima aeleze anatafuta nini. Mbele kilipambwa kwa mabomba yaliyopakwa rangi ya dhahabu, na wageni walidhani hayo ndiyo yanayoimba. Wapi. Yale yalikuwa pambo tu, mengine hayakuwa hata na tundu la kupitishia upepo. Waimbaji wenyewe walikaa nyuma, ndani ya kabati la mbao lenye ukubwa wa chumba cha kulala, wamepangwa safu kwa safu juu ya sanduku la upepo, wengine wa bati na wembamba wa kalamu, wengine wa mbao na wanene kiasi kwamba mtu hawezi kuwakumbatia. Chini yao mivukuto ilipanda na kushuka, ikipuliziwa na mota iliyokuwa ikinguruma uvunguni.

Mpiga kinanda alikaa upande wa nje, vibao vya vidole mbele yake na vibao vya miguu chini, na kulia kwake vitasa vya kuvuta. Ukivuta kitasa kimoja, safu moja ya mabomba imepata ruhusa ya kuimba. Ukikirudisha, imenyamaza. Vitatu vya mwisho havikuwa vya kuimba bali vya kupiga. Cha kwanza kilikuwa cha kengele, yaani mirija ya shaba iliyoning'inizwa ndani ya kabati na kugongwa na nyundo ndogo zilizovikwa ngozi. Cha pili kilikuwa cha nyota, gurudumu lenye njuga lililozungushwa na upepo, ambalo watoto waligeuza shingo kulitafuta na hawakuliona. Cha tatu maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa kuvutwa, na kisa chetu kiko hapo.

Fundi wa kinanda hicho alikuwa mwanamke. Mama yake alimpa jina zuri la ubatizo, lakini mtaa mzima ulimwita Fundi, na hata yeye mwenyewe akiitwa lile jingine alichelewa kuitika. Ufundi aliupata kwa bwana mmoja mkali aliyezunguka makanisani kulinganisha sauti za vinanda, akamfundisha jambo moja usiku na mchana: mabomba mawili yakilia pamoja na sauti ikatetema, ujue yanagombana, na kazi yako ni kuyapatanisha. Sogeza, gonga, sikiliza, mpaka mtetemo uishe na sauti iwe moja. Fundi aliushika ufundi ule kuliko aliyemfundisha. Nyumbani kwake hata kijiko hakikulala upande.

Kinanda hiki kimoja bwana yule hakumruhusu akiguse, maana aliyekipiga alikuwa mama mzazi wa Fundi. "Undugu unaziba masikio," alisema, na kila mwaka alikuja kukitengeneza peke yake, mlango wa kabati umefungwa. Alipofariki, kazi ikamwangukia Fundi, pamoja na vifaa, pamoja na yale yote ambayo marehemu hakuona haja ya kumwambia.

Kuhusu huyo mama, watu wote walimwita Mwalimu, kwa sababu nusu ya wanakwaya walipita mikononi mwake na nusu nyingine walipita kwenye rula yake. Alipiga kinanda hadi nywele zikawa nyeupe. Halafu kamati ya kanisa ikaanza kunong'ona: Mwalimu siku hizi anapiga kwa nguvu mno, Mwalimu anaingia ubeti wa pili kwaya ikiwa bado kwenye wa kwanza. Wakamwita Fundi kwenye kikao.

"Wewe una masikio ya kazi," mwenyekiti alimwambia. "Tuambie ukweli. Anasikia?"

Mwalimu mwenyewe alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, kikombe mkononi. Fundi angeweza kusema niachieni kwanza nikaongee naye nyumbani. Angeweza kujikohoza na kuomba muda, kama wafanyavyo watu wenye akili wakiulizwa habari za mama zao mbele ya watu. Lakini ulimi hauna mfupa, na wake ulizoea kusema bomba hili liko juu, lile liko chini, bila kumwonea haya mtu.

"Sauti za juu hasikii kabisa," alisema. "Za kati anakisia."

Alisema hivyo akiitazama kamati, akisahau kwamba mtu anayepoteza masikio hujifunza kusoma midomo. Mwalimu alisoma kila neno. Akatoa ufunguo wa kinanda kwenye mkoba, akauweka mezani, akashukuru kwa chai.

Kiti chake alipewa mwanafunzi wake wa zamani, mwalimu wa hesabu mwenye masharubu ambaye kwa sababu ya vidole vyake virefu waliishia kumwita Vidole. Na Mwalimu, ambaye masikio yalizidi kuzimika hadi yakawa giza tupu, alianza kukaa mahali pa ajabu. Ubavuni mwa kabati la kinanda palikuwa na benchi fupi iliyosahauliwa na waliojenga, mahali ambapo humwoni mchungaji wala madhabahu, unaona nguzo. Hapo ndipo alipokaa kila Jumapili, mgongo wake umegusa mbao za kabati, macho yake kwenye nguzo.

"Mama, njoo ukae mbele na wenzako," Fundi alimwambia, akikunjua midomo vizuri ili isomeke.

"Hapa pananifaa," mama alijibu.

Fundi akajua amesusa. Amekaa pale ili asimwone Vidole kwenye kiti chake, na ili watu wote waone kwamba hamtazami. Jambo hilo lilimkera na kumuuma kwa pamoja, na kwa kuwa hakujua la kufanya, alifanya analolijua. Alisema moyoni kwamba atakilinganisha kile kinanda kuliko kilivyowahi kulinganishwa, kiwe safi kama maji, iwe ndiyo njia yake ya kuomba radhi. Kwamba mama yake hataisikia sauti hiyo, hilo alilifikiria baadaye.

Kazi ya kulinganisha inataka watu wawili, mmoja ndani ya kabati na mwingine nje akibonyeza kibao kimoja kimoja. Vidole alikuwa amesafiri kwao kwenye harusi, hivyo akaombwa mlinzi wa kanisa, mtu mwema asiyejua kinanda wala zeze. Fundi alikuwa akiita, "Kinachofuata," mlinzi anabonyeza, Fundi anagonga bati huku anasikiliza. Walikwenda hivyo kutwa. Walipofika kwenye vitasa vya mwisho, kengele zilihitaji ngozi mpya kwenye nyundo chache, nyota ilihitaji mafuta. Kisha mlinzi akavuta kile kisicho na maandishi.

Nyuma kabisa ya kabati, yakiegemea mbao za ubavuni, mabomba mawili ya mbao yakanguruma, makubwa kuliko yote, na yakagombana vibaya sana. Mtetemo wake ulipanda miguuni hadi kwenye meno. Fundi alisikitika kwa niaba ya marehemu. Akasema kweli uzee ni uzee, bwana yule alikuwa ameanza kuacha kazi mbovu. Mabomba ya namna hiyo hufungwa juu kwa kizibo cha mbao, na ukikishusha kizibo sauti hupanda. Akakigonga cha kushoto taratibu, unene wa kucha, kisha tena. Mtetemo ukapungua mwendo, ukawa mawimbi marefu, ukalala. Ikabaki sauti moja, pana, tulivu. Fundi alikaa chini kwenye vumbi akatabasamu, na kwa kuwa alitaka kazi idumu, akavikaza vizibo vyote viwili kwa gundi.

Jumapili ile kanisa lilipiga makofi. Fundi alisimamishwa mbele, akashukuru. Kutoka pale aliposimama aliweza kuiona benchi ya ubavuni, na kwenye wimbo wa kutokea alimwona mama yake akifanya kitu. Alijisogeza nyuma, akaegemea mbao kwa mgongo wote. Kisha akageuka nusu, akaweka kiganja kwenye kabati. Akakihamisha juu kidogo, akakihamisha chini. Wimbo ulipokwisha alikaa wima, mikono mapajani. Fundi alidhani mama anakagua kama ameacha vumbi.

Baada ya hapo Mwalimu hakuonekana tena kanisani. Alisema miguu inamsumbua. Mwezi ukaisha.

Vidole alikuja karakana mchana mmoja, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Fundi, sikuja kulaumu."

"Anayeanza hivyo amekuja kulaumu. Karibu, kaa."

Hakukaa. "Ngoma yangu umeipeleka wapi?"

"Ngoma gani? Mimi ngoma za kwaya sigusi."

"Ya kwenye kinanda. Kile kitasa cha mwisho. Yale mabomba mawili yakigombana ndiyo yanatoa ngoma. Ule mtetemo ndiyo mapigo yenyewe. Sasa nikivuta yanatoa mlio mmoja tu, kama ng'ombe aliyeshiba."

Fundi alikuwa ameshika randa. Aliiweka mezani. Ngoma aliijua, tangu utoto aliijua, ilikuwa ikimpiga tumboni kwenye ubeti wa mwisho, na yeye akikaa na watoto wenzake chini kule alidhani ni mwanakwaya fulani aliyejificha nyuma na ngoma yake. Alipokua hakuuliza tena. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Kuna mtu zamani alikuwa ameyachagua mabomba mawili akayagombanisha kwa makusudi ili kanisa lifurahi, na bwana yule mkali kila mwaka aliutunza ule ugomvi, na yeye kwa bidii yake alikuwa ameupatanisha na kuupiga gundi.

"Nitayarudisha," alisema.

"Najua. Lakini kuna jambo jingine." Vidole aligeuza kofia. "Mwalimu aliniomba niivute ngoma kila Jumapili, ubeti wa mwisho wa wimbo wa kutokea. Yale mabomba yanaegemea mbao za ubavuni. Aliniambia ndiyo sauti pekee aliyobaki nayo. Inamwingia kwa mgongo."

Fundi aliiona benchi, aliona kiganja kikipanda na kushuka kwenye kabati.

"Mbona mimi hakuniambia?"

Vidole alikuwa mtu wa hesabu na hakujua kupaka maneno sukari. "Alinikataza nisikuambie. Alisema ukijua, kesho yake litajadiliwa na kamati."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Fundi alifunga karakana akaenda kwa mama yake kwa miguu, na njia nzima alikuwa akipanga maneno na kuyapangua.

Alimkuta anapindisha pindo la pazia karibu na dirisha. Alimgusa bega, akamwamkia, kisha akavuta kigoda akakaa penye mwanga ili midomo yake ionekane.

"Mama, miguu inaendeleaje?"

"Miguu haina neno."

"Basi kanisani huji kwa nini?"

Mwalimu alikata uzi kwa meno. Akasema kwa ile sauti ya wasiojisikia, juu mno kwa chumba kile kidogo: "Kuna kitu nilikuwa nakisikia bado. Kimekwenda na chenyewe. Nilikaa pale nikangoja, mwili wangu ukawa kama gunia. Sitaki kwenda kukaa mahali nimegeuka gunia."

"Hakikwenda. Nimekiua mimi. Ile ngoma, Mama, mabomba yake niliyasawazisha. Sikujua. Nilidhani yameharibika."

Mama aliitazama ile midomo. "Sema tena."

Alisema tena, polepole. Mwalimu akaanza kucheka kidogo kidogo, mabega yakitikisika.

"Wewe? Wewe huwezi kuliacha hata shuka limepinda. Hujawahi kuharibu kinanda hata kimoja."

"Ndivyo nilivyokiharibu. Nilikinyoosha."

"Acha, mwanangu." Mama aliweka sindano kwenye pazia. "Mwaka ule ulisema kweli, iliniuma. Leo usinitungie uongo ili inipoe. Sindano ikishaingia imeingia."

Fundi alitaka kulia na akalia, mbele ya mama yake, mtu mzima na watoto wake. Maisha yake yote hakuwahi kusema uongo mbele ya huyu mwanamke, na siku anayotaka kuaminiwa ndiyo siku anayoonekana mwongo. Alimshika magoti. "Njoo Jumapili moja tu. Moja."

"Nitakuja. Lakini siji kwa ajili ya ngoma. Nakuja kwa sababu umeniomba."

Kuyapatanisha mabomba aliweza kufumba macho. Kuyagombanisha hakuwahi kufundishwa, na gundi aliyoiweka kwa mkono wake mwenyewe ilimtoa jasho. Alipasha patasi moto, akaikwangua, akakinyanyua kizibo kwa unene wa unywele. Vidole alishika kibao huku nje. Mabomba yakaanza kuvutana, polepole kwanza, kisha kwa hasira. Lakini kwa mwendo gani? Ngoma ikienda mbio ilikuwa kelele, ikienda taratibu ilikuwa usingizi, na aliyeijua vizuri alikuwa amekufa na mwingine alikuwa kiziwi. Masikio yake ya kazi hayakumsaidia kitu. Mwishowe alitoka kwenye kabati, akaenda kukaa kwenye ile benchi fupi, akaegemea mbao, akafumba macho.

"Shikilia," alimwambia Vidole.

Akawa anakwenda na kurudi, anasogeza kizibo, anakuja kukaa, anarudi. Alasiri nzima. Halafu ghafla, bila kutafuta, ile ngoma ya utotoni ikamgonga tumboni kupitia mgongoni, na akaijua kama mtu anavyoijua hatua ya mzazi wake mlangoni. Alikaa pale mpaka Vidole akauliza kama amelala.

"Ndiyo hii," alisema.

Jumapili mama alikuja amevaa gauni lake la kijani. Walikaa wote wawili kwenye benchi ya ubavuni, wakitazama nguzo. Vidole alikuwa ameambiwa: ubeti wa mwisho, usivute kabla, usichelewe. Mahubiri yalikuwa marefu kama kawaida ya mahubiri siku mtu ana haraka. Fundi hakusikia hata neno moja. Alikuwa akimwangalia mama yake kwa pembe ya jicho, jinsi mgongo ulivyogusa mbao, jinsi alivyojinyoosha kidogo kumridhisha. Wimbo wa kutokea ulipoanza, alishindwa kuimba. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Uso wake lazima ulionyesha kila kitu, maana mama aliacha kuitazama nguzo akawa anautazama uso huo, kama alivyozoea sasa kutazama nyuso.

Ubeti wa tatu ulikuwa haujafika mwisho. Mwalimu akajitoa kwenye mbao, akainama mbele, akamshika bintiye mikono yote miwili.

"Naisikia, mwanangu," alisema, kwa sauti ya juu hata watu wa mbele wakageuka. "Imerudi. Umeirudisha."

Kitasa kilikuwa hakijavutwa.

Na hapo Vidole, mtu wa hesabu asiyekosea, akafika kwenye ubeti wa mwisho, akavuta. Ngoma ikaanza. Mbao zilitetema nyuma ya Fundi, ikamwingia mgongoni, ikapita mbavuni, ile ile, kwa mwendo ule ule, na mama yake alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, mgongo wake hewani, miguu yake kwenye saruji isiyopitisha kitu, anamtabasamia. Fundi alimwekea mkono begani amrudishe nyuma. Alimsukuma taratibu. Mama akadhani anakumbatiwa. Akauacha mwili wake umwegemee binti, akamzungushia mikono shingoni, akampapasa mgongo, na kiganja chake kilikuwa kikienda kwa mapigo yake mwenyewe, si ya ngoma. Angemsukuma kwa nguvu angemwambia: najua umenidanganya. Alishindwa. Ubeti ukaisha, mota ikazimwa, mivukuto ikashuka.

Mlangoni Mwalimu aliwasimamisha watu mmoja mmoja. Aliwaambia ngoma imerudi vizuri kuliko zamani, kwamba binti yake ni fundi hakuna mfano, kwamba alikosea kusema eti aliharibu kinanda. Watu walimpa Fundi mkono. Alisema ahsante, ahsante sana.

Juma zima alikuwa akienda kwa mama yake na kurudi bila kusema. Mara tatu alikaa penye mwanga, akapanga midomo, na kila mara mama alimtazama kwa uso mwepesi ambao hakuuona tangu siku ya kikao, na akaondoka na ukweli wake. Alijilaumu kwa ule aliousema na akajilaumu kwa huu asioweza kuusema.

Jumapili iliyofuata alitangulia kanisani, akaipangusa benchi ya ubavuni, akangoja. Mwalimu aliingia, akampita, akaenda kukaa mbele kabisa kati ya wanawake wenzake. Fundi alimfuata, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, njoo kule kwenye benchi. Tafadhali."

"Niache, mwanangu," mama alisema kwa upole, akimshika shavu. "Ile nimeshaisikia. Sasa nataka kumwona mchungaji."

Fundi alikaa kando yake. Wimbo wa kutokea ulipofika ubeti wa mwisho, Vidole akavuta kitasa, ngoma ikapiga kule ubavuni. Mama alikuwa akimtazama mchungaji, akiimba maneno ya ubeti uliopita, na hakugeuka.